Boga la nazi la dakika ishirini na tano

Mama alilisogeza bakuli hadi katikati ya mkeka, taratibu, bila hasira, kisha akanitazama. "Mwanangu, mimi naumwa sukari," akasema. "Siumwi ulimi."

Ilikuwa futari ya siku za mwanzo za Ramadhani ya 2022. Mvua ya masika ilikuwa inapiga bati, nasi tumekaa nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga. Ndani ya bakuli la mama mlikuwa na boga nililolichemsha kwa maji matupu: hakuna nazi, hakuna iliki, hata chumvi sikutia. Miezi michache nyuma alikuwa amepimwa akakutwa na kisukari, na mimi, mwanawe wa kwanza, nilijipa kazi ya kumlinda. Pembeni yake sisi wengine tulikuwa tunakula boga la nazi kama tulivyolijua tangu utotoni, limekolea tui na sukari, linanukia iliki nyumba nzima. Kwa ushauri wa daktari mama hakuwa anafunga mwaka ule, alikuwa anatoa fidia. Lakini kukaa mkekani na wanawe wakati wa kufuturu hakuna aliyemkataza. Aliyemtenga pale mkekani ni mimi.

Usiku ule sikulala vizuri. Yeye ndiye aliyenifundisha kulipika lile boga. Nilikuwa na miaka tisa au kumi, nimeketi juu ya mbuzi nakuna nazi, yeye anakamua tui kwenye kifumbu na kunieleza kila anachofanya. Boga alilikata vipande vikubwa na ganda lake, akavipanga sufuriani ganda likiwa chini ili nyama isivurugike, akamwagia tui jepesi, sukari na iliki, akaacha vichemke. Tui zito liliingia mwisho. Kazi nzima ilichukua zaidi ya saa moja, na sukari ilikuwa robo kilo. Kiasi hicho hakikuwahi kunishtua mpaka nilipokaa na kalamu. Gramu 250 ni vijiko vya chai visivyopungua sitini. Sisi tulikuwa wanane, kwa hiyo kila mtu alikula vijiko saba na ushei kwenye chakula kimoja, kabla hajashika kikombe cha chai. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe sukari ya kuongeza gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana abaki kwenye 25, yaani vijiko sita. Boga peke yake lilikwisha kuuvuka huo mpaka.

Basi nilijua sukari lazima itoke. Nisichokijua ni nini kitaingia mahali pake, na hapo ndipo nilipokosea tena, kosa baya kuliko la kwanza.

Nilitumia tende. Nani asiyejua kuwa tende ni tunda la baraka, tena la asili, tena ndiyo tunayofungulia? Nikachukua tende kumi na tano, nikazitoa kokwa, nikazisaga na tui, nikapikia boga. Lilitoka tamu ajabu. Mama alikula bakuli zima akaongezwa, na mimi moyo wangu ukatulia. Saa mbili baadaye nikamtoboa kidole kwa kile kimashine chetu kidogo. Muuguzi wa kliniki alikuwa ametuambia kwamba saa mbili baada ya chakula kipimo kisipite 10 (milimoli kwa lita). Kilisoma 14 na pointi. Nilirudia nikidhani mikono yake haikuoshwa vizuri. Kikasoma vilevile.

Siku ya kliniki nilimsimulia yule muuguzi. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Hiyo tende ikishasagwa, mwili utaijuaje kuwa ilikuwa tende?" Akanieleza kuwa tende moja ndogo ina sukari ya kijiko kimoja cha chai hivi, kubwa zina zaidi, na kwamba asali na sukari guru nazo mwili unazipokea kama sukari. Tende tatu, mtu anazitafuna polepole, ana habari ya anachokula. Kumi na tano zilizofichwa ndani ya tui hana habari nazo. Nimewaona watu wengi wakifanya kosa hili kwa upendo mtupu: wanatoa sukari nyeupe kwa mlango wa mbele, wanaingiza asali kwa mlango wa nyuma, na mgonjwa anaambiwa kula tu, hii haina madhara. Naomba sana, kama una mtu wa hivyo nyumbani, mpime baada ya chakula. Kimashine hakijui nia yako.

Jibu nililipata soko la Mgandini, kwa bibi mmoja anayeuza maboga na msusa, yaani majani ya maboga. Nilikuwa nimeinama nachagua, naokota lile lililong'aa kuliko yote, kijani kibichi, laini. Akaniuliza nakwenda kulipika nini. Nikamwambia: la nazi, lakini bila sukari, mama yangu anaumwa. Akanipokonya lile boga mkononi.

"Hilo changa hilo. Litakunywa sukari yako yote na bado litakuwa maji."

Kisha akanifundisha, na sijawahi kupata somo la thamani kama lile kwa bei ya kipande cha boga. Boga lililokomaa kikonyo chake kimekauka kama kijiti. Ukilikwaruza ganda kwa ukucha, ukucha hauingii. Ngozi yake imepoteza mng'ao, na ule upande uliolalia udongo una baka la rangi ya manjano au chungwa. Ukilinyanyua ni zito kuliko unavyolitazamia. Kubwa zaidi ya yote, alisema boga lazima lilale. Likitoka shambani liwekwe ndani mahali pakavu, penye hewa, wiki mbili, tatu, hata zaidi. Baadaye nilisoma nikaelewa kwa nini: likikaa, wanga wake unageuka taratibu kuwa sukari ya lenyewe, na maji yake yanapungua. Yule bibi hakuwa na haja ya maelezo hayo. Alikuwa na maboga ya miezi miwili uvunguni mwa meza yake, na ndiyo aliyowauzia watu aliowapenda.

Siku hiyo alinikatia kipande cha boga lililokwisha kufunguliwa. Tangu hapo nanunua kipande kuliko zima, kwa sababu kipande hakifichi kitu. Unaiona nyama: iwe rangi ya chungwa iliyoiva, kavu kidogo, imeshikana, siyo ya njano iliyopauka yenye nyuzi na umajimaji. Wenyewe huliita boga la unga. Ukilipika linapasuka kama kiazi kitamu. Ukilipata hilo, nusu ya mapishi umeshaimaliza pale pale sokoni.

Nusu nyingine ni maji, maana kuchemsha ndiko kulikoniangusha mara ya kwanza. Boga lina maji mengi ndani yake, sehemu tisa katika kumi kwa aina nyingi, na ukilitumbukiza kwenye maji mengine utamu wake wote unahamia kwenye mchuzi unaoumwaga. Nililielewa hili siku maji yalipokatika mtaani. Nilikuwa na kikombe kimoja tu cha maji ya kupikia, nikakamulia nazi, nikamwagia boga robo kikombe cha tui jepesi na kulifunika kwa wasiwasi. Nilipofunua, sufuria ilikuwa imejaa maji ambayo mimi sikuyatia. Boga lilikuwa limejipika kwa maji yake. Nikaacha wazi yakauke. Likaanza kushika chini, vipande vikapata kingo za kahawia, na harufu iliyotoka ilikuwa ile ya viazi vitamu vya kuchoma. Mama aliuliza kutoka chumbani: "Umetia sukari?"

Sikutia. Na huo ndio ukawa upishi wetu.

Nalipika hivi. Nachukua nusu kilo ya boga lililomenywa, linatosha watu wanne. Nalikata vipande vyembamba, unene wa kidole kidogo, siyo vile vipande vikubwa vya mama, na hii ndiyo siri ya haraka: kipande chembamba kinaiva kwa dakika kumi, kikubwa kinataka arobaini. Natumia sufuria pana ili vipande visipandane. Natia robo kikombe cha tui jepesi, kijiti kifupi cha mdalasini, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Chumvi usiiache. Ndiyo inayouamsha utamu wa boga, na bila hiyo utaitafuta sukari. Nafunika, moto wa wastani, dakika kumi hadi kumi na mbili. Nafunua, naacha maji yakauke dakika nne au tano bila kukoroga, mpaka nisikie sauti ya sufuria inabadilika, kutoka kuchemka hadi kukaanga. Hapo nageuza vipande mara moja tu.

Kisha napunguza moto, namwaga nusu kikombe cha tui zito na iliki nne nilizozitwanga papo hapo. Nasema papo hapo kwa msisitizo. Iliki ya unga iliyokaa kwenye kopo tangu Idi iliyopita haina kazi hapa, kwa sababu hakuna sukari ya kuificha. Nakoroga taratibu dakika mbili au tatu, upande mmoja, bila kuacha likachemka kwa nguvu, maana tui likichemka ovyo linakatika, mafuta huku na maji kule, na sura ya chakula inaharibika. Likishakuwa zito na kushikana na boga, naepua. Ukitazama saa utakuta ni dakika ishirini na tano, pamoja na kukamua tui kwa blenda. Anayetaka kulila kama krimu anaweza kuliponda kwa mwiko likiwa bado la moto, akaligawa kwenye vikombe, akaliweka kwenye friji. Wanangu wanalipenda hivyo, la baridi, na wanaliita aiskrimu ya boga ingawa haligandi.

Juu yake nanyunyizia mbegu za boga lenyewe. Zamani nilizitupa. Siku hizi naziosha, nazianika, nazikaanga kwenye chuma kikavu mpaka zianze kuruka. Zinatia mlio mdomoni penye ulaini mtupu, na zina protini na madini ya magnesi. Mama anazimenya moja moja kwa meno kama wazee wa zamani. Sisi tunatafuna na maganda.

Kuna waliosoma wakawa wanangoja kuniuliza kuhusu nazi. Ni kweli, tui lina mafuta mengi, tena ya aina ambayo daktari hataki mtu ayazidishe, hasa mwenye sukari ambaye moyo na mishipa yake inahitaji ulinzi. Ndiyo maana nimetaja nusu kikombe na siyo nazi mbili. Lakini sikuliondoa kabisa, na siyo kwa sababu ya ulimi peke yake. Ile rangi ya chungwa ya boga ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na ili mwili uifyonze vizuri inahitaji mafuta kidogo kwenye chakula hichohicho. Boga langu la maji matupu la 2022 halikuwa na ladha, na hata hiyo faida nilimnyima mama. Nikikosa nazi natumia maziwa fresh, au naliponda na mtindi mzito usiotiwa sukari. Linakuwa na ukali mzuri unaofanana na ndimu, ingawa mama anasema hilo si boga la nazi na nisilipe jina hilo.

Niseme pia kuhusu kisu, kwa sababu kimenikata. Boga lililokomaa lina ganda gumu, na mtu mwenye haraka analishika kwa mkono mmoja na kulipiga kwa mkono mwingine. Kisu kiliteleza kikaingia kwenye kiganja, karibu na kidole gumba, na wiki nzima niliandika ubaoni kwa shida. Sasa nikinunua zima naweka kitambaa kibichi chini yake lisibiringike, naligawa mara mbili nikianzia pembeni mwa kikonyo, kisha upande bapa naulaza chini. Kumenya nafanya Jumapili, kwa utulivu, vipande naviweka kwenye chombo chenye kifuniko ndani ya friji, na vinakaa siku tatu au nne bila tatizo. Mimi narudi kutoka shuleni saa kumi na moja jioni, nimechoka, na madaftari ya kusahihisha yananisubiri. Kama boga halijamenywa, siku hiyo halipikwi. Watu husema chakula cha afya hakina muda, na nakubaliana nao kwa sehemu: kinachokula muda ni kumenya tu, na hilo linaweza kufanywa siku nyingine.

Na kiasi. Muuguzi alinieleza vizuri kwamba boga lina wanga wake, haliliwi kama maji. Tofauti ni ukubwa: gramu 100 za boga zina wanga gramu saba hivi, wakati muhogo kiasi hichohicho una zaidi ya gramu thelathini. La unga linazidi kidogo lile la majimaji. Kwa hiyo siku ya boga mama hali muhogo, wala gimbi, wala kiazi kitamu kwenye sahani ileile. Anachagua. Bakuli lake ni lile dogo la bluu, na tulikubaliana yeye na mimi, siyo mimi peke yangu. Kipimo chake saa mbili baada ya boga hili, mara zote nilizoandika kwenye daftari, kimekuwa kati ya 7 na 9. Mwili wa mwingine unaweza kusema tofauti, na dawa zinatofautiana, hivyo usichukue namba za mama yangu ukazifanya zako.

Nimeandika "tulikubaliana" kwa makusudi. Mwaka ule wa kwanza nilikuwa naamua kila kitu. Nilikuwa naficha sukari juu ya kabati, nakagua kikombe chake cha chai, nampikia peke yake kwenye sufuria ndogo kama anayeambukiza. Alipungua uzito, na nikafurahi nikidhani ni mafanikio, kumbe alikuwa hali. Shangazi, dada yake, ndiye aliyenifungua macho. Alikuja kututembelea kutoka Pangani, akaona ile sufuria ndogo, akaniita uani. Akaniambia mgonjwa akipikiwa peke yake anakumbushwa ugonjwa mara tatu kwa siku. Niliona aibu, nikamwomba mama radhi jioni hiyohiyo. Hakujibu kitu, alinishika mkono tu. Kuanzia hapo sufuria ikawa moja. Ramadhani iliyofuata nyumba nzima ilifuturu kwa boga lisilo na sukari, na mdogo wangu wa mwisho, anayependa vitu vitamu kuliko sote, aliuliza siku ya tano kama nimebadilisha sukari ninayonunua.

Mbegu nyingine mama alizipanda nyuma ya nyumba, kwenye kile kipande cha udongo kilicho karibu na tangi la maji. Mboga ya msusa tukaila kabla ya boga lenyewe. Ua la kwanza lilipofunguka asubuhi, manjano, pana kama kiganja, aliniita nikalione nikiwa tayari na mkoba begani. "Ukipenda boga, penda na ua lake," akasema, na akanizuia nisilikate, maana nilikuwa nimeshaanza kufikiria kulipika.

Jana nilichelewa. Kulikuwa na kikao cha wazazi, kikaendelea mpaka magharibi. Nilifika nyumbani nikiwaza vile vipande vya Jumapili kwenye friji, siku ya nne leo, vitaharibika. Nikakuta chombo kimeoshwa na kuinamishwa kwenye kichanja. Mezani palikuwa na bakuli limefunikwa kwa kawa, ile nyekundu ya bibi yetu ambayo mama haitoi hovyo. Yeye alikuwa ameshalala. Nilifunua, nikala nimesimama, nikiwa bado na viatu mguuni. Mbegu zilikuwa zimemenywa zote. Na mle ndani, nyuma ya iliki, alikuwa amekunia kungumanga kidogo, kitu ambacho mimi katika miaka yote hii sikuwahi kukifikiria.